Jiwe la Mwalimu Reginald

Siku aliyokuja kuniposa, Mwalimu Reginald alisimama nje ya mlango wetu akapangusa viatu kwa leso, kimoja kilipoisha akashika cha pili, kana kwamba vumbi la Mnyambe, kijiji chetu, lilikuwa limemtukana makusudi. Nilimwona kupitia upenyo wa ukuta wa jikoni. Viatu vile nilivijua kuliko nilivyomjua mwenyewe. Mwaka mzima, kule chuoni Masasi, kila alipopita kati ya madawati mimi niliinamisha uso, kwa hiyo nilimpenda kuanzia chini: viatu vyeusi vya kamba, pindo la suruali nyeupe, kisha mkono wenye wino mwekundu kwenye kidole. Juu ya hapo sikuthubutu kupanda.

Huo ulikuwa wakati wangu wa ujinga. Sasa nilikuwa mwalimu mwenye cheti, nimelisoma somo la uandishi hadi mwisho, na nilipovitazama viatu niliona viatu tu.

"Acha kuchungulia," mama alisema nyuma yangu. Alikuwa akiepua chungu cha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. "Utadhani hujawahi kuona mtu."

"Mama, sitaki kwenda huko mbele."

"Hutaki, au unaona haya?"

Maisha yangu yote mambo hayo mawili yamevaa nguo moja, hata mimi mwenyewe huyachanganya.

"Mpelekee maji anawe," mama akasema. "Nusu kata. Ya kesho hayapo."

Nilimpelekea nusu kata, macho chini kama kawaida yangu. Alinawa mikono, akaona yamebaki, akayamwaga yote juu ya viatu vyake. Mchanga mwekundu ukayanywa mara moja. Kule kwao Masasi visima viko karibu na mlango, mtu humwaga maji kama anavyotema mate. Huku juu mwanamke huondoka alfajiri, akashuka ukingo mzima wa nchi mpaka bondeni, akajaza mtungi, akaupanda tena na jua likimchoma kisogo. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni akiiangalia ile sehemu ya mchanga iliyolowa mpaka ikakauka.

"Hujambo, Theodora," Mwalimu Reginald alininong'oneza. "Umenenepa kidogo. Umependeza."

"Sijambo, mwalimu. Shikamoo."

"Mpaka leo shikamoo?" Akacheka. "Tutaiacha lini?"

Nilichukua kata nikaondoka. Leo, nilijiambia, leo hii tutaiacha.

Posa yake ilikuwa imefika wiki tatu kabla, barua ndani ya leso nyeupe, na jibu lilikuwa litolewe siku hiyo. Baba yangu, Marko, alikwisha kufariki, lakini hata angekuwepo neno lingekuwa la Mjomba Fikirini, kaka yake mama, maana kwetu mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndiye mwenye kauli. Mama alibatizwa kabla ya kuolewa, mjomba akabaki Mwislamu na msahafu wake, na hawakuwahi kugombana kwa hilo hata siku moja. Waligombana kwa ajili ya barua ya Mwalimu Reginald. Ndani yake aliomba asamehewe ile desturi ya mwanamume kuja kuishi upande wa mke na kumlimia mama mkwe shamba la mwaka wa kwanza. Alitaka anichukue moja kwa moja kwenda Masasi.

"Kwa nini asilime?" mjomba aliuliza siku ile. "Mikono yake ina nini?"

"Ni mwalimu," mama alimjibu.

"Na Theodora si mwalimu? Mbona analima?"

Basi nilijua kwamba nikikubali nitaondoka, na mama atabaki na mitungi miwili na kichwa kimoja. Hata hivyo mwezi mmoja nyuma ningekubali. Nasema kweli, ningekwenda kwa miguu.

Watu huniuliza nilijifunza nini katika somo la uandishi. Mjomba aliniuliza siku niliyorudi na sanduku langu la bati. Nilimwambia nimejifunza kuandika. Akashangaa: "Si ulikwenda ukijua?"

Alikuwa na haki. Nilikwenda nikijua. Nilichojifunza ni kwamba insha nzuri huanza na mandhari na huisha na funzo, kwamba mbingu ni ya samawati hata siku ya mawingu, na kwamba mwanamke yeyote akiandikwa lazima alie kabla ukurasa haujaisha. Mwalimu Reginald aliyaandika haya ubaoni kwa mwandiko mzuri kupita kiasi, nasi wasichana kumi na wanane tukayanakili kama amri za Mungu. Nimeyatafakari sana mafundisho yale tangu nirudi. Ukiyakamua yote hupati nusu kata.

Jambo moja tu alilosema lilikuwa la kweli, na nadhani lilimponyoka. "Andikeni lile mnaloogopa kulisema."

Mimi niliyeogopa kusema hata jina langu darasani, niliandika kisa cha mama. Nilikuwa na miaka sita. Mdogo wangu Nikolao, wa miezi minane, alikuwa na homa, na mama alilazimika kushuka bondeni kwa sababu nyumbani hapakuwa na tone. Akiwa njiani anapanda, mtungi umejaa kichwani, alikutana na jirani yetu Stamili anashuka. Stamili akamwambia mtoto amekata roho. Mama hakuutua mtungi. Hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Alipanda mpaka nyumbani, na maji yale ndiyo yaliyomwosha Nikolao. Mama aliniambia haya mara moja tu katika maisha yake, usiku mmoja wa homa yangu mimi, na hakurudia tena.

Niliandika kurasa mbili. Daftari liliporudi lilikuwa na wino mwekundu pembeni: *Nani alikufundisha kuona hivi?* Nililisoma swali lile mpaka nikalijua kwa vidole. Chini zaidi, pale kwenye mtungi, alikuwa ameandika: *Ongeza hisia hapa. Mama alie.*

Aliniita nje ya darasa.

"Kwa nini hukumliza?"

"Kwa sababu hakulia, mwalimu."

"Msomaji hajui kama hakulia, Theodora."

"Mimi najua."

Alicheka taratibu. Kisha akanyosha mkono, akanifuta chaki kwenye mkono wa gauni langu, vidole vyake vikakaa pale kidogo kuliko chaki ilivyohitaji. Gauni lile sikulifua wiki mbili. Naandika haya kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Niachie daftari hili," alisema. "Nataka kulisoma tena peke yangu."

Nilimwachia, na moyo nikauweka juu yake.

Kisha, wiki moja baada ya posa, gazeti la mwezi lilikuja shuleni ninakofundisha. Ukurasa wa tatu kulikuwa na insha iliyoshinda shindano. Ilikuwa na kichwa kilekile nilichokipa mimi, *Njia ya Maji*. Chini yake: Mwalimu Reginald Namalowe, Masasi.

Nilikunja gazeti nikaendelea kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza herufi. Siku kumi na tatu sikumwambia mtu. Nilijidanganya kwamba namhurumia. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa mwoga, na nilijidharau karibu sawa na nilivyomdharau yeye.

Barazani walikaa hivi: Mjomba Fikirini kwenye kiti cha kamba, Mwalimu Reginald na mshenga wake kwenye benchi, mama juu ya mkeka, nami nyuma ya bega la mama. Mshenga aliitwa Mzee Yohana, mtu mnene aliyewahi kugawa dawa na ambaye mpaka leo huzungumza na kila mtu kana kwamba ni mgonjwa.

"Haya," alisema, akimeza ming'oko, "tumekula, tumeshiba, mwili umepata nguvu. Sasa Bwana Fikirini, kabla hujatupa jibu, nimekuja na kitu. Nilisikia kuna manung'uniko juu ya jembe."

"Yapo," mjomba alisema.

"Ni haki. Lakini kuna wanaolima kwa jembe na kuna wanaolima kwa kalamu." Akatoa gazeti mfukoni. "Kijana huyu amewashinda walimu wa jimbo zima! Na ameandika juu ya nini? Juu yenu. Juu ya akina mama wa huku juu. Msikilize mjue mnampa binti yenu nani."

"Mzee Yohana, si lazima," Mwalimu Reginald alisema kwa ile sauti ya mtu anayeomba aombwe.

"Lazima! Unyenyekevu mwingi ni ugonjwa."

Mshenga akavaa miwani akasoma. Alisoma maneno yangu, moja baada ya jingine: giza la alfajiri, mlio wa mitungi mitupu ikigongana, mchanga unaoteleza chini ya kisigino. Mjomba alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Kweli kabisa," alisema. "Ndivyo mchanga ulivyo. Huyu kijana aliitazama vizuri." Nilikaa nyuma ya bega la mama nikisikia nikisifiwa kwa jina la mtu mwingine, na ni kitu kigumu kukielezea, maana ndani ya hasira kulikuwa na furaha kidogo, na furaha hiyo niliionea haya.

Kisha akafika kwa Stamili.

Bega la mama likakaza.

"'Mtoto wako hayupo tena duniani,'" Mzee Yohana alisoma kwa sauti ya kutetemeka, "'na hapo mama yule maskini akautua mtungi wake, akaketi juu ya jiwe kubwa, na machozi yake kama lulu yakadondoka ndani ya maji, mpaka maji yakawa na ladha ya chumvi…'"

Lulu. Mnyambe nzima hakuna aliyewahi kuiona lulu.

"Jiwe lipi?" mama aliuliza.

Mzee Yohana aliinua macho. "Ee, mama?"

"Nauliza, jiwe lipi?"

"Jiwe, mama. La kukalia."

"Njia ile naipanda tangu niko msichana mdogo. Pale hakuna jiwe."

"Paulina," mjomba alimwita kwa upole, "ni hadithi tu."

"Sawa, ni hadithi. Na huyo mwanamke nani alimtwika tena?" Mama hakupandisha sauti. "Mtungi tako lake ni duara. Pale mtelemko umesimama kama ukuta. Ukiutua unabiringika mpaka bondeni. Na kama haukubiringika, utautwaa vipi peke yako, umejaa? Mwanamke gani wa huku anatua mtungi pale?"

"Mama," Mwalimu Reginald alisema akitabasamu, "katika uandishi tunaita hiyo hisia. Msomaji anataka kumwona mama akilia."

"Anataka?"

"Ndiyo. Inamgusa."

"Na huyo msomaji," mama aliuliza, "maji ya kumwosha mtoto angeyapata wapi?"

Hapo ndipo mama alipogeuka. Aligeuka polepole, akanitazama mimi, na nikaona kwamba amekwisha kufahamu kisa kilikotoka. Hapakuwa na watu wawili duniani aliowahi kuwaambia.

Mjomba alikohoa. Alidhani ni uchungu wa zamani tu. "Kijana aliomba azungumze na Theodora kidogo, kama wasomi wanavyofanya. Waende. Hapo kwenye mitungi, tuwaone."

Tulisimama karibu na mitungi ya mama, yote miwili mitupu, imeinamishwa. Mimi niliangalia viatu. Vilikwisha kupata vumbi tena.

"Mama yako ni mkali," alisema. "Nampenda."

"Umeliweka jina lako."

"Ah. Umeliona gazeti, basi. Nilitaka nikuambie mwenyewe, iwe zawadi."

"Zawadi ya nani?"

"Yetu. Theodora, nisikilize. Lile gazeti lingechapa insha ya msichana wa mwaka wa kwanza? Wangeitupa. Niliipitishia mlango uliokuwa wazi. Na sikuichukua hivihivi, niliitengeneza. Niliipa moyo."

"Uliipa jiwe."

Alicheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake jinsi kilivyo laini, na mwili wangu, ambao haukusoma chuo chochote, uliyumba kidogo kuelekea kwake. Aliona. Akashusha sauti.

"Unajua ni mara ngapi nimelisoma lile daftari? Nimelala nalo. Kuna sentensi zako nazijua kama sala. Hakuna mtu Masasi nzima anayekusoma kama ninavyokusoma mimi. Tukishaoana, nini changu, nini chako? Utaandika, mimi nitasahihisha, tutatoa kitabu."

"Kwa jina la nani?"

"Tutaona wakati huo."

"Mwalimu," nilisema, "nakuomba jambo moja. Moja tu, na nitayasahau mengine. Rudi barazani umwambie mama kwamba niliandika mimi, na jiwe uliliweka wewe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Mbele ya mshenga wangu?"

"Alisoma mbele ya mama yangu."

"Theodora." Alinishika kidogo kwenye mkono wa gauni, palepale pa zamani. "Hicho ni kitoto. Nitamwandikia mhariri, taratibu, baada ya harusi. Mzee Yohana atanionaje? Na wewe mwenyewe, utapenda mama ajue ni wewe uliyemtoa siri? Mimi nakukinga. Nyamaza kama unavyonyamaza siku zote, mambo yatapita. Kunyamaza kwako ndiko kulikonivutia."

Hapo niliinua macho.

Mwaka mzima wa kumpenda na sikuwahi kumtazama usoni kwa muda unaotosha kuhesabu kumi. Nilihesabu. Ulikuwa uso wa kawaida, umenyolewa vizuri, na kipele kidogo chini ya taya. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa yakipita juu ya kichwa changu kwenda barazani, kuangalia nani anatuangalia. Huyu ndiye aliyenifundisha kuona! Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kulia kidogo, kwa ajili ya lile gauni nisilolifua, lakini nilikumbuka kwamba ndivyo angependa, nikaacha.

"Niachie mkono," nikamwambia. "Chaki ilikwisha kutoka zamani."

Nilirudi barazani. Sikukaa nyuma ya bega la mama. Nilipiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Kisa kile niliandika mimi. Chuoni. Nilimpa mwalimu asome, akakitia gazetini kwa jina lake."

Miwani ya Mzee Yohana ilishuka hadi ncha ya pua. Mjomba alimtazama Mwalimu Reginald, aliyekuwa amesimama ukingoni mwa baraza, mguu mmoja juu.

"Mwalimu," mjomba alisema, "umesikia?"

"Bwana Fikirini, ni… mimi nilikuwa mwalimu wake. Kila anachoandika mwanafunzi kina mkono wa mwalimu ndani. Ni kawaida ya chuo."

"Nimeuliza kama umesikia."

"Nimesikia."

Alikuwa na nafasi ya neno moja la mtu mzima, na akaitumia kurekebisha kola.

Mama hakuwatazama hao. Alinitazama mimi kwa muda mrefu, na sikuyainamisha macho ingawa yaliniwasha.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Nilikuambia ukiwa na homa. Nilidhani hukusikia."

"Nilisikia."

"Na wewe ukaenda kuwaambia watu."

"Nilimwambia mtu mmoja. Nilidhani ni mtu."

Mzee Yohana alikohoa. Mama alipitisha kiganja juu ya mkeka, akaulaza unyasi uliokuwa umesimama.

"Na jiwe?" aliuliza. "Jiwe ni lako?"

"Hapana, mama. Mimi niliandika kwamba hukuutua."

"Uliandika hivyo?"

"'Hakuutua mtungi.' Nilikoma hapo. Alitaka nikulize, nikakataa."

Kitu fulani kikalegea mabegani mwake. Sisemi amenisamehe, wala mpaka leo sijamuuliza. "Nilijua," alisema. "Niliposikia jiwe nilijua si la mtoto aliyeipanda njia ile."

Mjomba alinyosha miguu yake. "Mpwa wangu, nilikuwa nimekwisha kuona haya mbele ya gazeti lile. Nilikuwa niseme ndiyo, na jembe nilisamehe. Sasa sisemi. Sema wewe."

"Nitasema…" Nyuso nne zilinielekea, na ule ugonjwa wangu wa zamani ukanirudia. Nilifungua kinywa kikakataa.

Mjomba alinijua. "Basi andika. Posa ilikuja kwa maandishi, na sitaki kesho mtu aseme Fikirini aliyageuza maneno njiani. Mwalimu, una kalamu?"

Kwa mazoea tu, bila kufikiri, Mwalimu Reginald akachomoa kalamu mfukoni mwa shati akampa mjomba. Mjomba akanipa mimi. Nilichana karatasi kwenye daftari langu la maandalio. Kalamu ilikuwa na wino mwekundu.

Niliandika karatasi ikiwa juu ya goti, maana meza hatukuwa nayo pale. Jibu langu halikuanza na mandhari. Halikuwa na mbingu wala funzo. Nilimpa Mzee Yohana, naye, kwa kuwa ndiye msomaji wa siku hiyo, akasoma kwa sauti ndogo sana:

"'Mwalimu Reginald Namalowe. Sikubali. Theodora Marko.'" Akageuza karatasi nyuma, akatazama, akairudisha. "Ni hayo tu? Hakuna sababu?"

"Theodora," Mwalimu Reginald alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana ameumia kweli, "mimi nakupenda. Ongeza hata sentensi moja. Usiniache hivi."

"Hapo hakuna la kuongeza, mwalimu."

Waliondoka kabla jua halijafika katikati. Mshenga alitangulia na gazeti lake kwapani. Mwenzake alimfuata akipangusa kitu kwenye shati ambacho mimi sikukiona. Nilisimama nikawaangalia mpaka wakamezwa na mikorosho, na nitasema kweli ingawa haipendezi: yule mtu nilimdharau kwa roho yangu yote, lakini mgongo wake uliniuma.

"Pale chini uliandika nini?" mama aliniuliza. Alikuwa amesimama kando yangu na ile karatasi, ambayo mshenga aliisahau au aliikataa. Alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu.

"Jina langu."

"Limetimia?"

"Limetimia, mama."

Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akaokota ngata yake, akainua mtungi mmoja, na wa pili akaniachia. "Wamenawa sana wageni wako," alisema. "Twende."

Tulishuka bila kuzungumza. Bondeni tulipanga foleni na wenzetu, tukajaza, tukatwikana, tukaanza kupanda. Jua lilikuwa nyuma yetu na mchanga uliteleza. Nusu ya njia, pale panapochongoka zaidi, mama aliyekuwa mbele yangu alisema bila kugeuza shingo:

"Ni hapa."

Nilitazama kulia na kushoto kwa macho tu, maana kichwa hakikuweza kugeuka. Palikuwa na mchanga, na mizizi miwili mitatu imetokeza. Hapakuwa na jiwe.

Mama hakusimama. Nami nikausawazisha mtungi wangu kichwani, nikaweka mguu pale ulipotoka wake.